Kiingereza Anakisema Vizuri, Mbona Mtihani wa Kusoma Unamkwamisha?

Kijana amemaliza digrii yake, iwe Muscat, Dubai au Dar es Salaam, na chuo kimoja cha Uingereza kimemletea barua: tumekukubali kusoma masta, ila kwa sharti. Sharti lenyewe ni mtihani wa IELTS. Jumla wanataka 6.5, na kila sehemu isipungue 6. Nyumba nzima inafurahi. Kiingereza si anakijua huyu? Tangu mdogo anatazama katuni za Kiingereza, na bibi yake akienda hospitali yeye ndiye mkalimani.

Matokeo yanakuja. Kuzungumza 7.5, kusikiliza 7, kuandika 6, kusoma 5.5. Jumlisha, gawa kwa nne, unapata 6.5 barabara. Kwa jumla amepita. Lakini sehemu moja iko chini ya 6, kwa hiyo sharti halikutimia, na nafasi ya masomo inaweza kusogezwa mwaka mzima, au ikapotea pamoja na udhamini wake.

Huo ni mfano tu wa hesabu, lakini wazazi wengi wenye vijana wa umri huo watauelewa haraka. Sehemu iliyomwangusha ndiyo ambayo hakuna aliyekuwa na wasiwasi nayo. Tunaogopa kuandika, tunaogopa kukaa mbele ya mtahini na kuzungumza. Kusoma? Kusoma kila mtu anajua!

Hapo ndipo penye kosa la hesabu zetu.

Kiingereza cha sikio na Kiingereza cha kitabu

Wazee wetu waliorejea Oman kutoka Zanzibar na mwambao, hasa baada ya 1970, wengi wao walipata kazi kwa haraka. Nchi ilikuwa inajengwa upya chini ya Sultan Qaboos, walimu, madaktari na makarani walikuwa wanatakiwa, na wao walikuja na elimu na Kiingereza. Kiingereza hicho walikipata zaidi skuli: vitabu, barua, imla, magazeti. Pengine lafudhi yao ilichekesha, lakini ukimpa babu karatasi ya serikali ya kurasa kumi, aliisoma akaielewa.

Wajukuu mambo yamegeuka. Kiingereza chao wengi ni cha sikio: filamu, michezo ya kompyuta, video fupi za simu, maneno mawili matatu na marafiki. Wanakisema vizuri hasa, tena kwa lafudhi ya kupendeza. Lakini mara ya mwisho kukaa na makala ya kurasa tatu, wakaimaliza bila kuishika simu, ilikuwa lini? Mtihani wa kusoma unapima hicho hasa, na lafudhi haisaidii chochote.

Dakika 60, maswali 40

IELTS inaendeshwa na British Council, IDP na Cambridge. Anayekwenda chuo kikuu hufanya ile ya kitaaluma. Sehemu ya kusoma ina makala tatu ndefu, ambazo kwa pamoja huwa na maneno kati ya 2,150 na 2,750, maswali 40, na muda wa dakika 60. Maana yake dakika 20 kwa kila makala, na ndani ya hizo dakika majibu yawe yameshaandikwa. Hakuna muda wa ziada wa kuyahamisha.

Kwa makadirio yaliyotolewa na wenye mtihani wenyewe, majibu sahihi 15 kati ya 40 ni kama alama 5, majibu 23 ni 6, majibu 30 ni 7, na 35 ni 8. Tazama ngazi hizo: kutoka 5 hadi 6 ni maswali 8 tu. Kijana wetu wa 5.5 hakukosa akili wala hakukosa Kiingereza. Amepungukiwa na maswali machache.

Na maswali hayo hupotea wapi? Mara nyingi hupotea kwenye aina moja inayosumbua wengi: unapewa sentensi, useme ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme makala inasema hivi: tufani ya 1872 iliharibu sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika zaidi, na baadaye Pemba ndiyo ikawa inaongoza kwa karafuu.

Sasa maswali. "Tufani iliidhuru zaidi mikarafuu ya Pemba." Si kweli, makala imesema kinyume chake. "Wakulima wa Pemba walikuwa na ujuzi kuliko wa Unguja." Hapa Mpemba atajibu kweli na Muunguja atajibu si kweli, na wote wawili wamekosa. Makala haikugusa habari ya ujuzi kabisa, kwa hiyo jibu ni haikutajwa. Mtihani hauulizi unajua nini. Unauliza umesoma nini kwenye karatasi hii. Anayeujua zaidi mzungumzo kuliko ukurasa, hapo hujibu kwa anayoyajua kichwani.

Msamiati si kukariri kamusi

Wazazi wengi wakisikia msamiati, dawa wanayoijua ni moja: kariri maneno magumu. Zamani ilikuwa na sababu. Mtihani wa TOEFL wa Wamarekani, ulioanza 1964, kwa miaka mingi ulikuwa na maswali ya msamiati peke yake: neno limepigiwa mstari katika sentensi, wewe utafute jingine lenye maana ile ile. Maswali ya namna hiyo yaliondolewa 1995, na tangu hapo neno huulizwa likiwa ndani ya makala. GRE nayo, inayotakiwa na baadhi ya vyuo vya Marekani, ilifuta 2011 maswali ya kutafuta kinyume cha neno lililosimama peke yake.

Sababu inaeleweka kwa mtu yeyote anayesema Kiswahili. Neno "paa" lina maana gani? Huwezi kujibu mpaka uone lilipokaa: paa la nyumba, paa wa mwituni, au ndege kupaa. Kiingereza nacho hivyo hivyo. Kijana anajua "address" ni anwani, lakini kwenye makala ya chuo neno hilo likiwa kitendo ni kulishughulikia jambo. "Sound" anaijua kuwa ni sauti, kumbe hoja ikiitwa "sound" ni hoja madhubuti. "Novel" kwake ni kitabu cha hadithi, na mbele ya jina la kitu ni kitu kipya ambacho hakijawahi kuonekana. Haya si maneno magumu. Ni maneno anayodhani anayajua, na ndiyo maana hayatafuti.

Basi ni maneno mangapi yanatosha? Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, alikadiria 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia ya neno ni neno na watoto wake, kama vile soma, msomi, masomo na msomaji. Kiasi hicho humfikisha kujua maneno 98 katika kila 100. Aliyefika 95 tu, kwenye makala ya maneno 900 atakutana na 45 asiyoyajua. Aliyefika 98 atakutana na 18. Tofauti hiyo ni ya anayesoma na anayekwenda akijikwaa, huku saa inakwenda.

Idadi isiwatie hofu. Mwenzake Nation wa chuo kile kile cha Wellington, Averil Coxhead, alitoa 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika vitabu vya vyuo, iwe sheria, biashara au sayansi. Hizo 570 peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Kijana akichukua matatu kwa siku, kila moja na sentensi yake, anazimaliza kwa siku 190. Miezi sita na kidogo.

Irabu zinazotoroka

Liko jambo jingine linalozihusu hasa nyumba zetu, ambapo watoto wamesomeshwa kwa Kiarabu. Kiarabu cha kila siku huandikwa bila harakati. Msomaji anashika konsonanti, na irabu anazijaza mwenyewe kwa kujua lugha. K, t na b zikikaa pamoja, akili inajua tupo kwenye mambo ya kuandika, na humo ndimo Kiswahili kilimotoa kitabu, katibu, katiba na maktaba.

Mazoea hayo ni mazuri kwa Kiarabu, lakini kwenye Kiingereza yanaponza. Ann Ryan na Paul Meara walilipima jambo hili 1991. Waliwaonyesha wanafunzi neno la Kiingereza kwa muda mfupi, kisha wakalionyesha tena, mara likiwa zima, mara likiwa limeondolewa irabu moja. Wanafunzi Waarabu walikosea zaidi kuliko wanafunzi wa lugha nyingine katika kugundua kuwa irabu imepotea. Macho yalishika mifupa ya neno, yakaiacha nyama.

Kwenye mtihani hasara yake ni hii: "adapt" ni kujirekebisha kulingana na hali, "adopt" ni kuchukua kitu kikawa chako. Herufi moja tu, na jibu limebadilika. Tena kwenye majibu ya kujaza, neno lililokosewa herufi halipewi alama.

Hapa lakini Kiswahili cha nyumbani ni rasilimali. Sisi irabu tunaziandika zote, na tunajua thamani yake. Badilisha irabu tu, baba anakuwa bibi, na bibi anakuwa bubu! Mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili, si kukisema tu, tayari amezoea kuangalia kila herufi. Mpeni vitabu vya Kiswahili avisome.

Wanaokwenda Marekani

GRE ni habari nyingine. Sehemu yake ya lugha, tangu ilipofupishwa Septemba 2023, ina maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23, na alama zake ni kati ya 130 na 170. Ipo aina ya swali ambapo sentensi ina pengo, na unachagua maneno mawili yatakayoipa maana moja. Ukipata moja ukakosa jingine, huna kitu. Lakini kabla ya kulipa fulusi, ulizeni idara yenyewe ya chuo. Vyuo vingi vimeacha kuidai GRE kwa baadhi ya masomo, na wengine hulipia mtihani ambao hawakuombwa.

Kuweni waangalifu pia na vitabu vya urithi. Kaka aliyefanya TOEFL miaka sita iliyopita anampa mdogo wake vitabu vyake, nia njema kabisa, kumbe mtihani ulishabadilishwa na kufupishwa Julai 2023. Matokeo nayo yana umri: IELTS na TOEFL miaka miwili, GRE miaka mitano. Anayefanya mapema mno hulazimika kurudia.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, barua ya chuo isomwe yote. Msiangalie jumla peke yake, angalieni alama ya kila sehemu.

Pili, muda. Miezi sita kabla ya mtihani si mingi. Kila siku dakika 20 za kusoma Kiingereza kirefu, simu ikiwa chumba kingine. Oman Observer na Times of Oman zipo, za kuanzia zinatosha, kisha apande kwenye makala za sayansi, historia na uchumi. Asichague tu anayoyapenda, kwa kuwa mtihani hautamuuliza anapenda nini.

Tatu, mazoezi kwa saa. Kusoma bila saa ni kitu kimoja, na kusoma dakika 20 zikihesabiwa ni kitu kingine. Swali likikataa, aliache aende mbele, na mwisho asibakishe pengo hata moja. Kwenye IELTS jibu lililokosewa halipunguzi alama, kwa hiyo kubahatisha ni bora kuliko kuacha wazi. Akiambiwa asizidishe maneno mawili, akaandika matatu, amekosa hata kama anajua.

Nne, aliyeanguka sehemu moja asikate tamaa. Katika nchi kadhaa, aliyefanya IELTS ya kompyuta anaweza kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60. Lakini si kila chuo kinaikubali njia hiyo, kwa hiyo aulize kwanza, ndipo alipe.

Na mwisho, kazi ya wazee. Kijana akimaliza makala yake ya Kiingereza, akae na bibi yake amhadithie kwa Kiswahili ilisema nini. Bibi ataulizauliza: nani alisema hivyo? Kwa nini? Walijuaje? Yale ambayo kijana hawezi kuyajibu, ayarudie kwenye makala ayatafute. Ikiwa hayamo, amwambie bibi kwa adabu kwamba hayakutajwa.