Anza na Mzee, Jengo Baadaye: Utangulizi wa Ukaguzi wa Tiba Katika Makazi ya Wazee

Karibu katika fani ambayo wengi wetu hapa Moshi hatujui hata kama ipo. Ukiwa Pasua huna haja ya kusafiri mbali kuitafuta. Humu humu katika Manispaa, Njoro, kuna makazi ya wazee ya serikali, sawa na Kolandoto ya Shinyanga, Nunge ya Kigamboni na Fungafunga ya Morogoro. Makazi ya namna hii huwapokea watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na wa kuwatunza, yakawapa malazi, chakula na matibabu. Fani yetu inauliza hivi: mzee akishakabidhiwa kwa watu wasio jamaa zake, nani anahakikisha kwamba anatibiwa ipasavyo, na atajuaje?

Huenda unawaza kwamba hili ni jambo la watu wachache, kwa kuwa wazee wengi wa Kilimanjaro wanazeekea vihambani, Kibosho, Machame au Marangu. Ni kweli, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iko upande wako: mtunzaji wa kwanza ni familia, makazi ni kimbilio la mwisho. Lakini mzee wa kihambani akisusa chakula siku mbili, jirani atauliza. Wa makazini hana jirani huyo. Mkaguzi ndiye anayeshika nafasi hiyo, na kwa kuwa haishi pale, hana budi kutazama kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe una msingi wake. Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, alieleza kwamba ubora wa tiba hupimwa kwa kutazama mambo matatu. Muundo ni vitu na watu waliopo: vitanda, wauguzi, dawa kabatini. Mchakato ni yale yanayotendeka: nani alipimwa presha, lini, na nini kilifuata. Matokeo ni hali ya mgonjwa baada ya hayo yote. Anayeanza huvutwa na muundo, maana ukuta uliopakwa rangi juzi unaonekana tangu getini. Nakusihi usikawie hapo. Nenda kitandani.

Tunachokitafuta tunakiita upungufu wa huduma, yaani jambo lililopaswa kufanyika likaachwa, likacheleweshwa au likakosewa. Mara nyingi ni kuachwa, na ushahidi wake huwa mwilini. Chukua kidonda cha mgandamizo, ambacho wengi hukiita kidonda cha kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza huibana ngozi yake kati ya mfupa na godoro: kisiginoni, nyongani, chini ya mgongo. Damu haipiti, na ngozi huanza kufa. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Gusa: je, pana joto au pamekakamaa kuliko ngozi ya pembeni? Ukingoja mpaka ngozi ifunguke umechelewa, na kidonda kikiachwa hufika mfupani.

Kinga yake inajulikana. Mgonjwa hugeuzwa mara kwa mara, aghalabu kila baada ya saa mbili, hulazwa pakavu na hupewa chakula cha kutosha. Kwa hiyo ukiona kidonda, omba daftari la kugeuza wagonjwa. Likiwa limejazwa vema hadi saa ambazo hazijafika, umeshapata jibu. Ila usihukumu haraka, maana wapo wanaopokelewa wakiwa na vidonda tayari. Ndiyo maana uchunguzi wa siku ya kupokelewa lazima uandikwe.

Dawa nazo zina ushahidi wake. Mzee wa presha aliyepewa vidonge 30 tarehe mosi, kimoja kila asubuhi, tarehe 11 baada ya kumeza anapaswa kubaki na 19. Ukihesabu 25, kuna asubuhi sita ambazo hakumeza, hata kama rejesta ina alama ya vema kila siku. Hapo ndipo muundo unarudi: pengine muuguzi alikuwa peke yake zamu nzima. Vivyo hivyo kwa rufaa, yaani kumpeleka mgonjwa penye uwezo mkubwa zaidi. Msamaha wa gharama za matibabu hauwezi kumfikisha mzee hospitalini Mawenzi au KCMC kama hakuna gari wala mtu wa kumsindikiza.

Ukishakusanya haya, unayapima. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1987 ilibadilisha kazi hii, mkaguzi hufika bila taarifa, na kila upungufu hupimwa kwa ukubwa wa madhara na kwa idadi ya walioguswa. Ile ya 2003 niliyoitaja mwanzoni ni sera; Zanzibar ilitunga sheria yake ya wazee mwaka 2020. Tofauti ya sera na sheria ni muhimu kwako: sera hutangaza nia, sheria humpa mkaguzi mamlaka ya kufungua kabati.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mahojiano. Mwulize mzee mbele ya mhudumu kama anatunzwa vizuri, atakujibu kwamba anamshukuru Mungu. Ni adabu, na wakati mwingine ni woga, maana wewe utaondoka na mhudumu atabaki. Basi msalimie kwanza, keti naye faragha, na kama Kichaga ndicho kinachomtoka kwa raha, tafuta anayekijua Kichaga cha kwao, kwa sababu cha Rombo si cha Machame. Kisha uliza tukio, usiulize maoni: jana usiku ulipotaka maji, nani alikuja? Dawa ya leo umeimeza kabla ya uji au baada? Mwenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu, huenda asijibu swali la jana. Kwake tazama midomo iliyokauka, kucha, na uzito ulioandikwa mwezi uliopita. Akiwa amepungua asilimia 5 au zaidi ndani ya mwezi mmoja, anza kuuliza juu yake kabla ya wenzake wote.