"Mtandao Umekwama": Haja ya Kutenganisha Istilahi za Kivinjari na za Barua Pepe

Neno moja linapobebeshwa dhana nyingi, anayepata taabu kwanza ni mwananchi mwenye kazi yake. Hivi leo katika ofisi na skuli za Wete, Chake Chake na Mkoani, kisiwani Pemba, kama ilivyo kwingineko nchini, mtu akishindwa kufungua ukurasa, au barua yake isipofika, au nenosiri lake likikataliwa, husema neno lile lile: "Mtandao umekwama." Kisha, kwa kukereka, huiacha programu aliyokuwa akiitumia na kushika nyingine. Mara nyingi tatizo humfuata huko huko. Makala haya yanakusudia kueleza dhana tano zinazofichwa na neno hilo, na kuonyesha kwa nini yafaa kila moja iitwe kwa jina lake.

Dhana ya kwanza ni intaneti, yaani muungano wa mitandao ya kompyuta duniani. Katika nchi yetu muungano huo hutegemea sana nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Mwezi Mei 2024 nyaya zote mbili zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Aliyebadilisha programu siku hizo alijisumbua bure.

Dhana ya pili ni kivinjari. Hii ni programu inayomletea msomaji kurasa za tovuti, kama vile Chrome, Firefox, Safari na Edge. Istilahi yenyewe imetokana na kitenzi "vinjari", ambacho watu wa pwani hukitumia kwa maana ya kuzunguka huku na huko kwa kuangalia, kama kifanyavyo chombo baharini. Wako waliopendelea "kisakuzi", na wengine husema "kuperuzi", neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. "Kivinjari" lina ubora wa kujengwa juu ya mzizi unaofahamika, na limekwisha kuenea.

Dhana ya tatu ni tovuti, yaani mahali panapoendewa. Tovuti yaweza kuharibika yenyewe hali kivinjari ni kizima. Yawezekana pia kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya kivinjari kimoja tu. Internet Explorer, kilichotolewa mwaka 1995, kilizoeleka sana maofisini, na baadhi ya mifumo ilijengwa ikitegemea hicho peke yake. Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft ilikistaafisha katika matoleo mengi ya Windows 10. Katika hali kama hiyo kuhama kivinjari ni jambo la lazima, lakini kuhama tu hakutoshi mpaka mfumo wenyewe urekebishwe.

Dhana ya nne ni programu ya barua pepe, mathalan Outlook au Thunderbird, na ya tano ni sanduku la barua, ambalo limo katika seva ya mtoa huduma. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Programu ni chombo cha kusomea na kuandikia, na sanduku ndilo ghala. Iwapo programu huchukua barua kwa utaratibu uitwao IMAP, barua hubaki katika seva, na mtumiaji aweza kubadilisha programu bila ya kupoteza kitu. Iwapo hutumia utaratibu wa POP, barua huteremshwa katika kompyuta, na mara nyingi nakala ya seva hufutwa. Mtumishi akiifuta programu ya zamani kwa hasira, pamoja na mafaili yake, huenda akazifuta barua za serikali za miaka mingi. Asiyetofautisha programu na sanduku hawezi hata kuuliza swali la kumwokoa: "Je, barua zangu zimewekwa wapi?"

Aidha, mwenye kuhama hukutana na mushkeli mwingine uliosababishwa na sisi wafasiri. Kitu kile kile kilichoitwa "nenosiri" katika programu moja, huitwa "nywila" katika nyingine. Mtumiaji hudhani ameombwa kitu kipya, na baada ya kusumbuka hurudi kwenye Kiingereza. Kwa hiyo mfasiri, kabla ya kubuni neno, yampasa achunguze lililokwisha kutumika katika programu nyingine, na akichagua moja alishikilie tangu mwanzo hadi mwisho.

Walimu nao wawafundishe wanafunzi kutaja tatizo kabla ya kutafuta dawa. Zipo njia rahisi za kupima. Ikiwa tovuti zote hazifunguki katika vivinjari viwili, na simu iliyoungwa kwenye mtandao huo huo nayo imeshindwa, tatizo huenda likawa ni mtandao au intaneti. Ikiwa tovuti moja tu haifunguki, tatizo huenda likawa katika tovuti hiyo. Ikiwa barua zinasomeka kwa kivinjari lakini hazisomeki kwa programu ya barua, sanduku ni salama, na kinachohitaji kutazamwa ni programu.

Kwa watumishi wa serikali tunapendekeza kwamba taarifa yoyote inayopelekwa kwa fundi itaje mojawapo ya majina haya matano. Fundi aliyeko Unguja hawezi kuiona kompyuta iliyoko Wete. Anachokiona ni maneno ya aliyemwandikia. Akiandikiwa "mtandao umekwama", itambidi aanze kubahatisha. Akiandikiwa "kivinjari hufungua tovuti zote isipokuwa moja", nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa.