Elimu Isiyo na Hitima: Madaktari wa Upasuaji wa Watoto na Wajibu wa Kusoma Daima

Mwezi wa Julai mwaka 2021 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, ambamo watoto 3,849 waliozaliwa na ila za tumbo na njia ya chakula walifuatiliwa ili ijulikane ni nani waliopona na ni nani waliofariki. Katika nchi tajiri walifariki watoto 5.6 kwa kila 100. Katika nchi za kipato cha kati, 20.4, na katika nchi masikini, 39.8. Ila moja ilizipita zote kwa ukali, nayo ni ile ya mtoto kuzaliwa matumbo yake yakiwa nje, yamejipenyeza katika tundu dogo kando ya kitovu: katika watoto 100 wa namna hiyo, nchi masikini zilipoteza 90, ilhali nchi tajiri hazikupoteza hata 2.

Mwepesi wa kuhukumu atasema kuwa tafauti hiyo ni ya mali, wala hatakuwa amesema uongo. Walakini hatakuwa amesema kweli yote. Mtoto huyo, katika saa zake za kwanza, hahitaji kisu. Ahitaji matumbo yake yafunikwe kwa mfuko safi wa plastiki ili yasikauke wala yasipoe, apewe maji ya mshipani, awekwe mrija wa kupunguza yaliyomo tumboni, akingwe na baridi, kisha afikishwe upesi mahali ambapo matumbo yatarejeshwa kidogo kidogo kwa muda wa siku kadhaa. Lishe ya mishipani, atakayoihitaji mpaka matumbo yaanze kazi, ni ghali na aghalabu haipatikani, na hapo ndipo umasikini unapotoza ushuru wake. Lakini yote yaliyotangulia ni maarifa, na maarifa hayo yakikosekana kwa mkunga wa kwanza kumpokea mtoto, basi hata bingwa mwenye sifa za dunia nzima ataletewa mwili uliokwisha poa. Kwa hiyo makala haya, yanayokusudia kueleza milango ya masomo iliyofunguka kwa madaktari wa upasuaji wa watoto katika Afrika Mashariki, yana rai moja ya kuitetea: kwamba elimu ya bingwa ni amana, na amana hiyo haihesabiki kuwa imefika mpaka imeteremka hadi kwa yule aliye chini kabisa katika ngazi ya tiba.

Kwanza yafaa ifahamike kwa nini mtu aliyekwisha kusoma miaka kumi na zaidi alazimike kurejea darasani. Tazama maradhi ya Hirschsprung, ambayo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huumbwa bila chembe za fahamu za kuusukuma uchafu, mtoto akavimba tumbo na kukosa choo tangu siku zake za awali. Orvar Swenson wa Boston alieleza mwaka 1948 namna ya kuukata utumbo ule mbovu na kuuvuta ule mzima hadi kwenye njia ya haja, na baada yake, kwa miaka mingi, ikawa ada katika hospitali nyingi kumpasua mtoto mara tatu: kwanza kumtolea njia ya haja tumboni, kisha kuuvuta utumbo, na mwisho kuifunga ile njia ya muda. Mwaka 1998 Luis de la Torre na mwenzake, madaktari wa Mexico, wakaonyesha kuwa kwa wagonjwa wengi wanaofaa kazi yote yaweza kufanywa kwa mara moja, kupitia njia ya haja yenyewe, bila ya kulifungua tumbo. Miaka 18 kabla yao, katika nchi hiyo hiyo, Alberto Peña alianza kuwatengenezea njia watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa kwa mpasuo mmoja wa katikati, kutoka nyuma, misuli yote ikionekana kwa macho, mahali ambapo waliomtangulia walilazimika kupapasa; naye akatumia sehemu kubwa ya umri wake kuwafundisha wenziwe katika mabara mengi. Tabibu aliyehitimu mwaka 1979 na kuvifunga vitabu vyake siku ile ile angeendelea kupapasa, na kumrudisha mtoto mezani mara ya pili na ya tatu, kwa nia njema na kwa mkono hodari, wala asijue kuwa adhabu ile ilikuwa na njia ya kuepukika.

Wala msomaji asidhani kuwa elimu ya namna hii hutoka Boston na London peke yake. Mafunzo mawili tuliyoyataja yametoka Mexico, na la tatu latoka karibu zaidi nasi, mjini Mbale, mashariki ya Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE. Huko daktari Benjamin Warf aliwakuta watoto wengi wa vichwa vikubwa, ambao maji ya ubongo wao, aghalabu kwa sababu ya maambukizo ya siku za uchanga, yamekosa njia ya kutoka. Tiba iliyozoeleka ni kumwekea mtoto mrija wa kudumu, unaoyateremsha maji yale kutoka ubongoni hadi tumboni. Lakini mrija huziba, na mtoto anayeishi mbali na hospitali, mrija wake ukiziba usiku, huenda asiione asubuhi. Warf akaunganisha mambo mawili: kutoboa njia mpya ndani ya ubongo kwa kuongozwa na kamera nyembamba, na kuunguza tishu zitoazo maji hayo, ili mtoto asiwe mtumwa wa mrija. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 2005, na uchunguzi wa watoto wachanga 100 uliofanyika Mbale na kuchapishwa mwaka 2017 ukaonyesha kuwa, baada ya mwaka mmoja, watoto waliotibiwa kwa njia hiyo hawakupungukiwa kwa ukuaji wa akili wakilinganishwa na wenzao wenye mrija. Madaktari kutoka nchi nyingine walifunga safari kwenda Mbale kujifunza, na Warf mwenyewe aliporejea Marekani alikwenda na elimu ya Mbale hadi Boston.

Basi mlango mkubwa kuliko yote kwa kijana wa Afrika Mashariki anayetamani fani hii ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kijulikanacho kwa kifupi chake COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Ni chuo kisicho na kuta: mwanafunzi hukaa katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, akafanya kazi chini ya mkufunzi, akaandika kila upasuaji aliousaidia au kuuongoza, na kwa mwendo huo akamaliza kwanza miaka 2 ya misingi, kisha miaka 3 ya fani aliyoichagua, ambayo upasuaji wa watoto ni mojawapo. Tangu mwaka 2007 chuo hiki kimeshirikiana na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland katika ufundishaji na mitihani. Kijabe, katika nyanda za juu za Kenya, ni mahali pamoja ambapo mabingwa wa watoto wamefundwa kwa utaratibu huu, na vyuo vikuu vya Nairobi na Makerere navyo vina masomo yao. Fadhila ya mpango wa namna hii ni dhahiri kwa kila mwenye kufikiri, maana mwanafunzi husomea maradhi atakayoyatibu, kwa vifaa atakavyovikuta kazini, na hospitali iliyomlea haibaki mjane kwa miaka mitano huku ikingoja barua kutoka ughaibuni.

Kwa yule aliyekwisha kuwa bingwa iko jumuiya ya madaktari wa upasuaji wa watoto wa Afrika nzima, PAPSA, iliyoasisiwa mwaka 1994, ambayo mikutano yake huwakutanisha watu wa Misri na wa Nigeria, wa Malawi na wa Kenya, kila mmoja akaeleza yaliyomfaa na, jambo lililo na thamani zaidi, yaliyomshinda. Na tangu mwaka 2016 uko umoja wa dunia wa upasuaji wa watoto ujulikanao kama GICS, ambao uliwapa madaktari wa nchi zisizo tajiri kiti cha mbele badala ya kuwafanya wasikilizaji. Mwaka 2019 umoja huo ulitoa mwongozo unaotaja, daraja kwa daraja, ni watu gani, vifaa gani na ujuzi gani vipatikane kuanzia kituo cha afya hadi hospitali ya taifa, ili watoto wahudumiwe ipasavyo. Na kwa hilo ukakiri kuwa upasuaji wa mtoto hauanzii mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Asiyeweza kusafiri hakuachwa mikono mitupu. Mwaka 2011 Emmanuel Ameh wa Nigeria, pamoja na Stephen Bickler, Kokila Lakhoo, Benedict Nwomeh na Dan Poenaru, walihariri kitabu kikubwa cha upasuaji wa watoto kilichokusudiwa Afrika, nacho kikawekwa kwenye intaneti bila malipo. Toleo jipya likafuata mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2002 mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi masikini kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Fauka ya hayo, filamu za upasuaji na mihadhara sasa hupatikana katika simu ya mkononi. Hizo zote ni neema, walakini ni neema ya macho; mkono haufundishiki ila kwa mkono, na hakuna filamu itakayomzuia mwanafunzi asikaze uzi kupita kiasi katika utumbo usiozidi unene wa kidole chake kidogo.

Sasa tuseme juu ya vikwazo, maana mlango uliofunguka si sawa na mtu aliyeingia. Mabaraza ya madaktari hudai ushahidi wa mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni. Kenya, mathalani, hutaka alama 50 kila mwaka. Shuruti hiyo ni njema, lakini sheria hupima saa, haipimi mabadiliko: daktari aweza kuzikusanya alama zake katika kumbi za hoteli, akisikiliza mambo yasiyomhusu, na akarejea kazini jinsi alivyotoka. Naye daktari aliye bingwa pekee katika hospitali yake hukabiliwa na mtihani wa namna nyingine, kwani akienda kusoma kwa wiki moja watoto hubaki bila mtu, na asipokwenda watoto hao hao hubaki na mtu aliyepitwa na wakati. Ajizi kama hiyo haitibiwi kwa nasaha. Hutibiwa kwa kupanga zamu, hospitali moja ikaiazima nyingine bingwa wake, na ruhusa ya masomo ikaandikwa katika hesabu ya kazi badala ya kuombwa kama hisani.

Kuna kosa jingine, nalo ni kumsomesha mpasuaji peke yake. Mkono mmoja haulei mwana, seuze kumpasua. Mwezi wa Novemba mwaka 2016, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilipowatenganisha pacha walioungana chini ya mgongo, kazi ilichukua saa 23, na katika saa hizo walikuwamo wataalamu wa fani mbalimbali, wa usingizi na wauguzi, ambao mmoja wao angeshindwa, wote wangeshindwa. Hata katika ngiri ya kawaida, mtoto mchanga aweza kuokolewa na kisu na kupotezwa na usingizi. Ndiyo maana kozi ya siku 3 ya usingizi wa watoto iitwayo SAFE, ambayo huwalenga wale wanaofanya kazi hiyo katika hospitali za kawaida, ni habari njema kwa mpasuaji kama ilivyo kwa mlaza usingizi mwenyewe.

Tukishuka ngazi tena, tunawakuta madaktari wa Uganda waliotambua kuwa bingwa hatapatikana katika kila wilaya kwa miaka mingi ijayo, wakatunga kozi ya dharura za upasuaji wa watoto kwa ajili ya matabibu na wauguzi wasio mabingwa: namna ya kumtambua mtoto ambaye utumbo wake umejikunja ndani ya utumbo, namna ya kumtuliza aliyezaliwa bila njia ya haja, wakati wa kumpeleka rufaa na namna ya kumwandaa kwa safari. Tanzania nayo, tangu mwaka 2024, imekuwa ikizipeleka timu za madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri, kutibu na kuwafundisha wenyeji kwa pamoja. Thamani ya safari hizo haimo tu katika idadi ya waliotibiwa wakati timu ingalipo. Imo zaidi katika yale ambayo daktari wa wilaya huyaweza peke yake mwezi mmoja baada ya timu kuondoka.

Na liko somo la kudumu lisilohitaji ufadhili wala tiketi ya ndege, ambalo hupuuzwa kwa sababu ni rahisi mno, nalo ni jibu la rufaa. Daktari wa wilaya aliyemtuma mtoto hospitali ya kanda aghalabu hasikii tena habari zake. Hajui kama alidhani sawa au alikosea, kama mtoto alifika na joto au alifika amepoa. Bingwa akimwandikia mistari mitano, akamweleza ugonjwa ulikuwa nini, nini kilifanyika vema njiani na nini kifanyike vingine siku nyingine, atakuwa ametoa darasa ambalo mwanafunzi wake hatalisahau, kwa kuwa mtoto wa darasa hilo anamjua kwa jina.

Kwa hiyo hospitali inayomlipia daktari wake nauli ya mkutano, au wizara inayomfadhili kwa ubingwa bobezi, ina haki ya kumdai kitu zaidi ya cheti. Imuulize, miezi sita baada ya kurejea, ni jambo gani sasa linafanywa tafauti katika wodi yake, ni muuguzi gani na mtaalamu gani wa usingizi aliowafundisha jambo hilo, na ni hospitali ngapi za wilaya zinazomletea watoto katika hali bora kuliko mwaka uliopita. Mwenye majibu apewe ruhusa ya kwenda tena kabla ya wengine. Asiye nayo akae kwanza awafundishe wenzake yale aliyokwenda kuyachukua kwa niaba yao.