Mgomba Usiojua Kubadilika

Mgomba wa Mwakiro, eneo la Muyinga nchini Burundi, hauoti kutokana na mbegu. Mkulima hung'oa chipukizi kwenye tunguu la mama, hulifukia katika shimo lenye samadi, kisha husubiri mkungu wa kupika au wa kukamua urwarwa, pombe ya ndizi. Chipukizi hilo lote limejengwa kwa mitosisi: seli hunakili kromosomu zake 33, nakala hujipanga katikati na kuvutwa pande mbili, na seli mbili zinazopatikana hurithi yaleyale ya seli ya kwanza. Uaminifu huo ndio uliotunza ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki vizazi kwa vizazi. Naona ndio pia unaoziacha bila silaha maradhi mapya yanapoingia, na dawa ya kudumu ni kuirudisha meiosisi.

Meiosisi ndiyo mgawanyiko unaotengeneza chavua na mayai. Kromosomu za baba na za mama hujipanga jozi jozi, hubadilishana vipande, kisha seli hugawanyika mara mbili mfululizo hadi zinapatikana seli nne zenye nusu ya kromosomu, kila moja na mchanganyiko wake. Mgomba huu una seti tatu za kromosomu 11, na tatu haigawanyiki kwa mbili bila baki. Chavua na mayai mengi hupata hesabu pungufu au ya ziada na kufa. Ndizi hukua bila kurutubishwa. Ukiikata utaona katikati vidoa vyeusi, mabaki ya mayai yasiyogeuka mbegu.

Madhara ya kuzaliana kwa nakala tu yanaonekana kwenye kirabiranya, mnyauko wa bakteria uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na Burundi mwaka 2010. Huenezwa na panga lisilosafishwa, wadudu na machipukizi yaliyoambukizwa, nao hushika aina zote za ndizi hizi. Kuna atakayeuliza: kama migomba hii ni nakala, mbona ina majina mengi na ladha tofauti? Ni kwa sababu mitosisi nayo hukosea mara chache, na wakulima wakachagua makosa yaliyowapendeza. Lakini kosa hilo kwa kawaida hugusa jeni chache tu. Ni nadra lilete kinga ambayo ukoo mzima hauna. Mwingine atasema miche safi ya maabara inatosha. Inasaidia sana kuanza shamba bila ugonjwa, ila nayo huzalishwa kwa mitosisi: ni safi, si sugu.

Usugu uko kwa jamaa wa porini. Musa balbisiana, kwa mfano, huhimili kirabiranya. Watafiti wa Kawanda, Uganda, wameonyesha kwamba mlango haujafungwa kabisa: baadhi ya migomba hii hutoa yai lililobaki na kromosomu zote 33. Likirutubishwa kwa chavua ya mgomba-mwitu wa Calcutta 4 yenye 11, huzaliwa mgomba wa 44. Huo ukizalishwa na wenye 22, hutokea tena wa 33, usio na mbegu. Ndivyo zilivyopatikana aina chotara ziitwazo NARITA, zilizochaguliwa kwa mavuno na kwa kustahimili ugonjwa mwingine, madoa meusi ya majani. Zikishachaguliwa, huzalishwa tena kwa machipukizi. Kwa hiyo mkulima wa Mwakiro habadilishi desturi yake ya kupanda. Anachopaswa kukataa ni kupewa aina moja tu kwa mashamba yote, maana hapo tutakuwa tumetumia meiosisi mara moja na kurudi kulekule kwenye hatari ya nakala.