Binti yako humeza nini kabla ya mbio?

MZAZI, binti yako akirudi kutoka mashindano ya shule, usiulizie kikombe tu. Muulize alimeza nini kabla ya kuingia uwanjani.

Katika miji kama Garsen, tembe za maumivu huuzwa dukani kando ya sukari na majani chai. Msichana anayeumwa na tumbo la hedhi huona haya kumwambia mwalimu wa kiume (wewe ungemwambia?). Hununua mbili, akameza bila kula, akaenda kukimbia.

Ibuprofen na diclofenac huweza kutia tumbo vidonda. Tena hupunguza damu iendayo kwenye figo, na katika joto la Tana River, mkimbiaji aliyekaukiwa maji huziumiza zaidi. Paracetamol nayo, hata kwa mtu mzima, ikizidi tembe 8 za miligramu 500 kwa siku huhatarisha ini.

Na muundi unaouma kila siku? Dawa hunyamazisha maumivu, haiungi mfupa. Ufa mdogo ukiendelea kukimbiwa, mfupa huvunjika.

Tramadol ndiyo mbaya zaidi. Huzoeza mwili hadi ukaidai, na tangu Januari 1, 2024 imepigwa marufuku siku ya mashindano duniani kote.

Basi mama, zungumza naye kabla ya msimu kuanza. Ibuprofen yaweza kumfaa wakati wa hedhi, lakini kwa kipimo cha muuguzi na baada ya chakula. Akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, mpeleke zahanati bila kumkaripia. Huenda ni mazoezi makali kwa chakula kidogo, hali inayodhoofisha mifupa.