Je, Wajua? Mzee Ojwang Hakuwa Mjaluo

Je, wajua kwamba Mzee Ojwang, yule mzee wa lafudhi nzito ya Kijaluo aliyewavunja mbavu Wakenya katika kipindi cha televisheni cha vichekesho, Vitimbi, alikuwa Mkikuyu? Jina lake halisi ni Benson Wanjau, naye aliaga dunia Julai 2015. Watazamaji wengi walimdhania Mjaluo kindakindaki, na kwa maoni yangu dhana hiyo ni ushahidi wa sanaa ya hali ya juu. Lafudhi haiigwi kwa ustadi kama huo na mtu asiyewasikiliza jirani zake kwa makini, tena kwa mapenzi.

Wapo watakaosema kwamba umaarufu wake ulitokana na uhaba tu wa vipindi, kwa sababu hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Wakenya walikuwa na stesheni moja ya televisheni, ile ya serikali. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi: Ojwang aliendelea kupendwa hata ushindani ulipokwisha kuingia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuiga lafudhi ya kabila jingine ni kulidhihaki. Hatari hiyo ipo kweli, na wachekeshaji wengi hutumbukia humo. Hata hivyo, kichekesho cha Ojwang kilikuwa hasa katika tabia yake: ujeuri, ubishi, na zile vuta nikuvute na mkewe wa kwenye igizo, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Mume wa namna hiyo anapatikana katika kabila lolote, na Wakenya wa kila lugha ya mama walimtambua mara moja.