Kabla ya kununua ndege, hesabu saa zako

Ukiishi Pasiansi huhitaji kutazama juu kujua kwamba ndege imepita. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko mbele kidogo kwenye barabara inayopita hapa, na masikio yetu yameshazoea kutofautisha mlio wa ndege ndogo aina ya Caravan na wa ndege kubwa za shirika letu la ATCL. Sikushangaa basi jirani yangu, mfanyabiashara mwenye shughuli Bukoba, aliponiuliza: "Kaka, ndege ndogo ninunue au nikodi?"

Alikuwa ameshaulizia bei ya Cessna 172 iliyotumika, ile ya viti vinne. Bei ndiyo sehemu nyepesi. Ndege inadai hata ikiwa imelala: bima, maegesho, ukaguzi wa kila mwaka, vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA. Utalipa uruke saa 300 au usiruke kabisa.

Halafu kuna injini. Lycoming ya ndege hiyo hufumuliwa na kusukwa upya baada ya takribani saa 2,000 za kuruka, lakini mtengenezaji ameweka pia ukomo wa miaka 12. Anayeruka saa 50 kwa mwaka ataufikia ukomo huo akiwa ametumia saa 600 tu; 1,400 zimeliwa na kalenda. Tena hapa kando ya ziwa, ndege iliyoegeshwa haipumziki. Unyevu unaingia kwenye silinda, kutu inaanza, nyigu wanajaza udongo kwenye kibomba cha kupimia mwendo wa ndege. Mafuta nayo ni shida: injini za namna hii hutumia avgas, ambayo Afrika Mashariki huipati kila kiwanja. Caravan, kama zile za Auric Air, hazina shida hiyo kwa kuwa hutumia mafuta ya jeti.

Marubani wengi wana kipimo chao: chini ya saa 100 kwa mwaka, kodi. Nakikubali, ila nisingependa mtu adhani kukodi ni salama kwa sababu tu ni kukodi. Mwaka 2007 ATCL ilikodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading kwa dola 370,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka sita. Ndege ikapelekwa nje ya nchi kwa matengenezo, ikakaa huko bila kubeba abiria, na kodi ikaendelea kuhesabiwa hadi deni likapita dola milioni 40. Mzigo ukawa wetu walipakodi. Mwaka 2016 serikali ilianza kununua ndege zake, ikazimiliki kupitia wakala wake, TGFA, kisha ATCL ikazikodi kwa wakala huyo. Kwa hiyo hata taifa halikuchagua upande mmoja.

Kwa mtu binafsi, dawa ni kukodi kwa saa, ndege pamoja na rubani wake, na kusoma kwa makini kifungu kinachosema nani analipa ndege ikiharibika.

Nilimwomba jirani aandike safari zake za mwaka jana. Bukoba mara saba, Musoma mara mbili, Chato mara moja. Bukoba ni karibu kilomita 175 kwa mstari ulionyooka, chini ya saa moja kwa Cessna. Tukajumlisha kwenda na kurudi, zote. Hazikufika saa 20.

Aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja, akaniuliza ofisi za wanaokodisha hufunguliwa saa ngapi.